Daftari la Mizani

Mizani niliazima kwa muuza nafaka wa Makorora,
ya sahani ya chuma, hukwama kwenye sitini
mpaka uipige teke.
Utepe ni wa marehemu mama, wa kushonea,
namba za mwanzo zimefutwa na viuno vya watu.
Ndivyo nilivyouanza msimu, mwezi wa nane,
mchua misuli wa timu isiyo na daktari.

Ishirini na watatu waliketi mchangani, Tangamano,
miguu mbele, magoti yamebanwa chini.
Nikawaambia: fikieni vidole, mwenye kuweza avipite.
Nikapima, nikaandika: kuongeza au kutoa.

Sengasu, winga, kilo hamsini na nane.
Alijikunja kama barua,
paji la uso likalala magotini, akapiga mwayo humo humo.
Kuongeza kumi na tisa.
Kocha akasema huyu kaumbwa kwa mpira wa baiskeli.

Shekivuli, golikipa, kilo mia na nne.
Tumbo lilitangulia,
mikono ikafika kwenye ugoko, ikatetemeka, ikarudi kwao.
Kutoa ishirini na mbili.
Wenzake walipomaliza kucheka aliniomba kalamu,
akaandika pembeni ya jina lake:

*Mwili wangu kama ghala, nguvu nimezihifadhi,*
*Msinipime kwa kula, nipimeni kwa maradhi.*

Mizani imetimia, nikamwambia,
ya shairi, si yangu.
Lakini sikufuta.

Mimi nilikuwa na imani yangu ya kozi ya wiki sita:
mzito huvunjika, mkavu huchanika, laini hudumu.
Kila alfajiri niliwanyoosha, paja kwa paja,
nikihesabu hadi thelathini kwa sauti,
na watoto wa shule wakipita wanadakia
ishirini na nane, ishirini na tisa,
wanakimbia kabla sijageuka.

Mechi ya nne, dakika ya kumi na moja,
Sengasu alikimbilia mpira ambao hata mimi ningeuacha utoke.
Akasimama ghafla, kama aliyeitwa jina lake na mtu anayemdai.
Akashika nyuma ya paja.
Jukwaani hawakusikia kitu. Mimi nilisikia
kitambaa kikipasuliwa kwa mkono,
mama alivyokuwa akipasua marekani: kwa meno kwanza, kisha ra!

Shekivuli je?
Aliruka, akaanguka, ardhi ndiyo iliyoguna.
Mechi thelathini, hakukosa hata moja,
na asubuhi zote hizo vidole vyake vya miguu
aliviona kwa mbali, kama jamaa wa Pemba.

Nililikodolea macho daftari.
Safu hazikupatana.
Nikaweka mafuta ya nazi mfukoni, nikaenda Barabara ya Kumi na Sita
kumchua Sengasu kwao.
Mlangoni palikuwa na ndala zilizoganda saruji,
na kofia ya gunia, imekunjwa vizuri, juu ya ndoo.

Mama yake ndiye aliyesema, akipepeta mchele:
mshahara ukichelewa, mwanangu, usiku anapakua mifuko.
Ijumaa ndiyo malori huwa mengi.
Sengasu aligeukia ukuta.

Mfuko ni kilo hamsini.
Hamsini, na hamsini na nane: mia na nane.
Usiku, basi, yule winga
alikuwa mzito kuliko golikipa,
na Jumamosi saa kumi nilimwambia ajinyooshe.

Nilichora safu ya tano kwa rula.
Mpaka leo haina kichwa,
sijapata neno linaloingia kwenye kisanduku kile.
Mwezi wa nane umerudi, mizani imekwama kwenye sitini,
naipiga teke, na kabla hajapanda mtu namuuliza
jana ulilala saa ngapi, na mgongoni palikuwa na nini.
Wengine hucheka. Wawili wamenyamaza.

Shekivuli amepanda: mia na sita.
Ameketi, amenyoosha mikono, amefumba macho.
Kutoa ishirini na moja.
Sentimita moja, mwaka mzima,
na anasema namdai pongezi, yeye ananidai soda.